Mtakatifu Aliyekuja na Treni

Mtakatifu wa kwenye karatasi ya sinema hakutazami. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na kama ningelisema siku ile ile, pengine leo ningekuwa na watoto wawili, si huyu mmoja ninayemnyonyesha huku naandika.

Nianze na picha, maana bila picha hamtanielewa. Shuleni kwa masista tulikuwa tunapewa picha takatifu, ndogo kama kiganja, zawadi ya kujua katekisimu. Kwenye picha zile mtakatifu anakutazama usoni, na mkononi kashika kile kilichomuua: shoka, gurudumu, mshale, mawe. Sista alitufundisha kuanza na mikono. Hata asiyejua kusoma, akiangalia mikono anajua anamwomba nani na mtu huyo aliteswaje. Wale wa sinema mikono yao mitupu. Wameiweka kifuani kama mtu aliyeshtuka, au wamemshika mkono askari aliyeacha kifua wazi. Macho yameelekezwa juu, kwenye pembe karatasi inapoishia, kana kwamba kuna mtu huko anawaita. Midomo imepakwa. Nywele laini kama ndevu za mahindi, na hata akiwa gerezani siku ya tatu bila maji, nywele zimechanwa. Nyuma ya kichwa kuna nuru, lakini si ile duara ya dhahabu ya watakatifu wetu. Ni mwanga wa taa, unatoka upande mmoja, na kivuli cha pua kinaangukia shavu la pili. Mtakatifu ana kivuli cha pua. Nyie mlishawahi kuona?

Karatasi hizo zilifika Mpanda na treni, zimeviringishwa ndani ya bomba la boksi gumu, pamoja na makopo ya filamu kutoka Tabora. Mume wangu alikuwa karani wa kantini ya wafanyakazi pale mgodini. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuzibandika kwenye ukuta wa nje siku chache kabla, ili watu wanaopanda kutoka chini ya ardhi, weupe kwa vumbi la mawe, wajue Jumamosi wataonyeshwa nini. Ukuta ule ulitazama magharibi. Jua la alasiri liliila rangi ya karatasi kabla hata Jumamosi haijafika. Kwa hiyo mume wangu alijiwekea kopo la rangi nyekundu ya unga, ile ile waliyoandikia mbao za hatari mdomoni mwa shimo. Aliikoroga na maji, akachukua brashi, akaongeza wekundu pale ulipopauka: midomo, moto, damu. Alikuwa na mkono mzuri, hilo siwezi kumnyima.

Sinema ikishaonyeshwa, makopo yalirudi Tabora. Karatasi hakuna aliyeziuliza. Sisi wake ndio tuliozitaka. Tulikaa Shanwe, kwenye nyumba za udongo tulizojijengea wenyewe, na ukuta wa udongo unamwaga vumbi kwenye chakula, kwenye godoro, kwenye macho ya mtoto. Unapika uji mzito wa muhogo, unapaka ukutani, unabandika karatasi, vumbi linatulia. Ukiingia nyumba yoyote Shanwe siku zile ulisalimiwa na wapanda farasi wenye bastola. Kwetu hawakuwa wengi. Mume wangu, mtoto wa Wakatoliki wa Mpimbwe, alituchagulia zile za dini. Padri mwenyewe alikuwa ametangaza altareni kwamba sinema za namna ile Mkristo anaruhusiwa, tena zinajenga imani.

Basi ukuta wangu wa sebuleni ulikuwa hivi. Kulikuwa na msalaba wa Bwana wetu, lakini mbele, wakubwa kama mlango, askari na mwanamke wamekumbatiana, na misalaba yenyewe mitatu iko nyuma kabisa, myembamba kama nguzo za simu za reli. Kulikuwa na sista mmoja, shela lake limenyooka vizuri lakini macho hayakunyooka, na begani pake anachungulia mwanaume mwenye kofia. Kulikuwa na mtawa wa kiume aliyekunja ngumi. Mimi nilicheka. Nasema ukweli, nilizibandika kwa mikono yangu huku nacheka, na jikoni nyuma ya mlango nikabandika mwanamke mmoja aliyekaa kwenye paja la mlevi, sigara mdomoni, mguu wote nje. Huyo naomba mmkumbuke.

Mama mkwe alikuja na lori kutoka Mpimbwe mpunga ulipokwisha kuvunwa. Alikuja kumwona mtoto wetu wa kwanza, msichana, ambaye kwa desturi alipewa jina la mama wa baba yake. Jina silitaji. Ni jina la ubatizo, jina la shahidi mmoja bikira aliyechomwa moto zamani sana huko Ulaya. Bibi, mjukuu na mtakatifu, jina moja. Bibi alimwita mtoto “somo”, na mtoto alimpenda hata akakataa mgongo wangu.

Mimi hakunipenda. Nilifika darasa la kumi kabla ya kuolewa, na kwake hilo lilikuwa kama ugonjwa wa ngozi ambao mwanawe hakuuona mapema. Akimega ugali wangu alikuwa akiugeuza geuza vidoleni na kuuliza, “Na huu nao ulisoma mpaka darasa la ngapi?” Wageni wakicheka, anaongeza kwamba hapana, huu ulifeli. Nikifagia, anafagia tena nyuma yangu. Aliniita msomi. Hakuniita kitu kingine kwa mwezi mzima na zaidi.

Halafu mume wangu akaja na karatasi mpya. Sinema ilikuwa imeonyeshwa Jumamosi, naye Jumapili baada ya misa akaikunjua kwenye mkeka. Mwanamke kijana, amefungwa kwenye nguzo, gauni jeupe limeteremka bega moja, miali ya moto inapanda miguuni bila kuunguza hata upindo. Macho juu. Midomo myekundu, na wekundu huo ulikuwa wa mume wangu. Juu kabisa, kwa herufi kubwa za dhahabu, jina la mtakatifu.

Mama mkwe alikuwa akipepeta mchele. Aliacha ungo, akaenda chumbani, akarudi na kopo la bati alimoweka cheti chake cha ubatizo. Hakujua kusoma, lakini miaka yote ile alikuwa amelikariri jina lake kwa sura, kama mtu anavyoijua alama ya ng'ombe wake. Akakiweka cheti kwenye mkeka chini ya herufi za dhahabu na kuanza kupeleka kidole: hii na hii, hii na hii. Herufi nne za mwanzo zililingana.

“Wewe uliyesoma,” akaniambia. “Hebu nisomee. Ni yeye?”

Nikainama. Chini ya jina kulikuwa na maneno madogo meusi ya Kiingereza. Yalisema mapenzi ya msichana huyu yaliunguza mji mzima. Yalisema picha ni ya rangi. Yalitaja jina la mcheza sinema. Na uso ule niliujua, sikuhitaji kusoma. Ulikuwa uso wa yule wa jikoni nyuma ya mlango, yule wa sigara. Walikuwa wamemfuta sigara na kumpandisha macho, basi.

“Ndiyo, mama,” nikasema. “Ni yeye.”

Alipiga magoti palepale kwenye makapi ya mchele. Akasema kwamba miaka hii yote amekuwa akimwomba mtu asiyemjua sura, kama kumpigia hodi mtu gizani. Akanishika mkono. “Asante, mwanangu,” akasema.

Mwanangu. Mnaona nilivyonunuliwa? Neno moja. Na mimi sikuwa nimedanganya, nilijiambia. Jina lilikuwa la mtakatifu, nililisoma kama lilivyo. Yale madogo hakuniuliza. Alasiri ile ile, yeye akiwa mtoni, nilichukua kisu na maji ya moto nikambandua yule wa jikoni, nikamtia kwenye mafiga. Mtu asiyedanganya hafanyi kazi hiyo.

Mume wangu aliniona, akacheka. Akasema nimwache mama yake, anasali tu, kusali kumemdhuru nani.

Padri naye alijua. Alipita Shanwe na pikipiki kutembelea wagonjwa, akaingia kwetu kunywa maji, akamkuta mama mkwe na wanawake sita wamepiga magoti mbele ya ukuta wangu, rozari mkononi. Aliisoma karatasi yote, juu mpaka chini. Nilimwona midomo ikicheza. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, kama bibi anafahamu huyu ni nani. Nikamwambia hapana. Akatabasamu, akasema kwa Kiswahili kwamba imani ya wazee inafika inakotakiwa hata kwa njia mbovu. Akatubariki, akawasha pikipiki.

Kwa hiyo tulikuwa watu watatu tunaojua kusoma katika habari hii, na wote watatu tulinyamaza.

Miezi miwili ile nyumba yangu ilikuwa kama kanisa la kigango. Wanawake walikuja kila alasiri. Mama mkwe alining'iniza kitambaa cheupe pande zote mbili za karatasi, akaweka maua ya porini kwenye kopo la maziwa. Jirani yangu mmoja, mwanamke wa Karema, Mwislamu, mke wa mchuuzi wa dagaa, alikuwa akija kusimama mlangoni na sinia lake kichwani kutazama.

“Huyu wenu mbona kajipamba hivi?” aliuliza siku moja. “Anakwenda harusini?”

“Anakwenda kuchomwa moto, mwanamke wewe,” mama mkwe akamjibu.

“Basi mwenzetu anajua kufa. Mimi nikichomwa na kuni za uji tu napiga kelele nyumba ya tatu wanasikia.”

Walicheka wote, na mama mkwe pia. Walipendana wale wawili, kila mmoja akimsikitikia mwenzake kwamba atakwenda motoni. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa nimemwangalia jirani machoni, na nikaona kwamba yeye, asiyejua kusoma, asiyemjua mtakatifu yeyote, ameona kitu ambacho mimi nakificha.

Mvua zikaja. Jumatatu moja mume wangu alipanda treni kurudisha makopo Tabora; angerudi Alhamisi. Jioni ya Jumatatu hiyo mtoto alipata homa. Alikuwa na miezi kumi na minne, anatembea kwa kushika ukuta, anasema “maji” na “bibi”. Mama mkwe hakupoteza muda. Akawaita wanawake, wakaanza novena, sala ya siku tisa, mbele ya somo wa ukutani.

Jumanne asubuhi mwili wa mtoto ulikuwa wa kuunguza. Nilimfunga mgongoni, nikachukua kanga ya pili ya kumfunika mvua, niende zahanati ya mgodi. Si mbali. Mtu mwenye haraka anafika kabla kanga haijalowa. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

“Novena ina siku moja,” akasema. “Ukimkimbiza kwenye sindano leo, unamwambia somo wake kwamba humwamini.”

Nikamwambia siku tisa ni nyingi kwa mtoto mwenye homa.

“Hazitafika tisa. Anamjua. Ni jina lake mwenyewe.” Akanigusa shavu. “Si wewe uliyeniambia ni yeye?”

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nilikuwa nayo mdomoni, fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeitamka: mama, huyu ni mcheza sinema. Ningeisema angeondoka mlangoni, kwa mshtuko tu angeondoka. Lakini ningeisema angejua pia kwamba miezi miwili nimemtazama akimpigia magoti mwanamke wa sigara, yeye na wenzake wote, na sikumwinua. Ningekuwa msomi tena. Ningekuwa kitu kibaya kuliko msomi. Nikafungua mbeleko. Nikamlaza mtoto. Nikamkanda kwa maji ya baridi, nikachemsha majani machungu ya homa kama anavyofanya kila mtu asiyefika darasa la kumi.

Wanaoandika habari hizi huwa wanasema walikuwa wamefungwa na mila. Mimi sikufungwa na mila. Mama mkwe alikuwa mwanamke mzee, mfupi, ningeweza kumsogeza kwa bega. Nilifungwa na uongo wangu.

Jumatano jirani wa Karema alikuja, akamgusa mtoto shingoni, akaondoa mkono upesi. Akasema huyu apelekwe sasa hivi. Akaona tunatazamana, mama mkwe na mimi, akasema basi kama hamtaki sindano, kuna mwalimu wao hapo mjini anaandika kombe, angalau mtoto apate kitu. Mama mkwe akamjibu kwa upole kwamba mjukuu wake amebatizwa. Jirani akaondoka akitikisa kichwa.

Alipoondoka, mama mkwe akaniuliza kombe ni kitu gani hasa. Nikamweleza, kwa kuwa kueleza ndiyo kazi niliyoijua: wanaandika maneno matakatifu kwa wino, wanayaosha kwa maji, mgonjwa anayanywa. Alinisikiliza kwa makini sana. Akaniuliza maneno yenyewe ndiyo yanayoponya? Nikamwambia ndivyo wanavyoamini. Akaitikia “ehe”, akaniambia maji yamekwisha mtungini.

Nikaenda mtoni. Kulikuwa na utelezi, nikachelewa kurudi.

Niliporudi nilimkuta amekaa chini, mtoto mapajani, bakuli la bati pembeni, kijiko mkononi. Kwanza sikuelewa. Niliona maji ya bakuli ni mekundu, nikafikiri mtoto ametapika damu. Ndipo nikatazama ukutani. Alikuwa amechukua kitambaa cheupe kimojawapo, akakichovya kwenye maji ya mvua, akamsugua mtakatifu na kukikamulia bakulini. Midomo imetoka. Moto umetoka. Uso umebaki kijivu, umechubuka, karatasi ya ndani inaonekana. Maneno madogo meusi ya chini yalikuwa hayajaguswa.

“Kama yao yananyweka,” akasema, “yetu je? Kanywa yote. Hata hakulia.”

Jirani aliingia nyuma yangu. Alikuwa amerudi na ndimu. Alitazama bakuli, akatazama ukuta.

“Kombe linaandikwa kwa zafarani,” akasema. “Kwenye sahani safi. Aya ya Mungu. Nyie mmemnywesha mtoto tangazo.”

Alisema “nyie”. Hakumtazama mama mkwe, alinitazama mimi.

Nilimnyakua mtoto na kukimbia. Hapakuwa na mtu mlangoni wala mtu wa kunizuia, na nikaona jinsi njia ilivyokuwa fupi siku zote. Dresa wa zahanati, yaani muuguzi, Mnyamwezi mmoja mtu mzima mwenye macho ya uchovu, alimlaza mezani. Aliniuliza homa ilianza lini na mtoto amepewa nini. Nikamwambia yote. Majani, novena, rangi nyekundu ya mbao za hatari iliyokorogwa na maji ya mvua. Nilitaka acheke, au anipige. Hakufanya hata kimoja. Alimdunga sindano, akasema tungoje.

Degedege ilianza alfajiri ya Alhamisi. Saa sita mchana ilikuwa imekwisha, na mtoto pia. Treni ya baba yake ilipiga honi ikiingia stesheni saa tisa.

Nilimuuliza dresa kama ni rangi. Alikuwa akinawa mikono, hakugeuka.

“Rangi siijui, mama,” akasema. “Siku mbili nazijua.”

Tulimzika Ijumaa. Katekista alisoma, padri alikuwa safarini. Mama mkwe hakulia kama nilivyotegemea. Aliwaambia waombolezaji kwamba somo amekuja kumchukua somo wake, kwamba mtoto alikunywa uso wa mtakatifu na kesho yake akauona uso huo ana kwa ana. Wanawake waliitika “amina”. Alikuwa ametulia kabisa. Aliwapikia watu, aliwagawia maji. Usiku wa matanga alilala usingizi mzuri na mimi nikamsikiliza akikoroma.

Sijui kama mtu ambaye hajazika mtoto anaweza kuelewa jinsi utulivu ule ulivyonichoma. Mimi matiti yalikuwa yamejaa, yanauma, maziwa yanalowesha nguo kila mtoto wa mtu anapolia, na yeye ana mtakatifu. Yeye hakuwa amepoteza kitu, alikuwa ametoa zawadi. Niliwachukia wote. Nilimchukia mzungu aliyeko sijui wapi aliyemwambia mcheza sinema apandishe macho zaidi, na mwingine aliyekata shauri kwamba shahidi anayekufa lazima atamanike, la sivyo watu hawaingii. Walijua wanachokifanya. Walikuwa na nyuso zote duniani za kuchagua, wakachukua ule wa sigara. Na walijua pia kwamba karatasi itakwenda mbali, itafika mahali ambapo mtu ana cheti cha ubatizo kwenye kopo na hajawahi kuona sura. Au hawakujua. Hawakufikiri kwamba kuna mtu huko. Hilo ni baya zaidi. Lakini mzungu huyo sitamwona kamwe, na mama mkwe alikuwa hapo jikoni anakoroga mboga.

Matanga yalipoanuliwa nikaibandua karatasi. Nikaitandika kwenye mkeka, nikamwita. Nikamwambia nataka kumsomea. Akaketi, akafurahi hata. Alidhani nataka tusali.

Nikasoma kila neno. Nikaweka kidole chini ya kila neno kama alivyoweka yeye, na kila neno nikalitafsiri. Mapenzi yake yaliunguza mji. Picha hii ni ya rangi. Nikasoma jina la yule mwanamke, nikamweleza kwamba analipwa kuigiza, mwezi huu mtakatifu, mwezi ujao malaya, na kwamba alikuwa jikoni kwangu kabla sijamchoma. Nilisoma vizuri, sauti haikutetemeka. Masista wangenisifu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, ananifanyia ishara ninyamaze.

“Siku ile nilipokuuliza,” mama mkwe akasema, “ulikuwa unayajua haya?”

“Ndiyo, mama.”

“Na Jumanne? Mlangoni?”

“Ndiyo.”

Akatazama mikono yake, wa kushoto, halafu wa kulia, kana kwamba si yake.

“Mimi nilikuwa sijui,” akasema.

Hakunitukana. Ningempa chochote anitukane. Kesho yake asubuhi alifunga mzigo wake, akapanda lori la mpunga kurudi Mpimbwe, na kopo la cheti alikuwa amelifunga tumboni kwa kanga. Hajarudi. Mtoto huyu wa pili hajamwona. Watu wanaotoka huko wanasema anakwenda kanisani, anakaa benchi la mwisho, wakati wa litania ya watakatifu wote, majina yao yakianza kuitwa, anatoka nje anasubiri iishe.

Mume wangu alisema ningemwachia. Alisema mtoto amekwenda tayari, kwa nini nimwondolee mama yake hata kile kidogo. Nilimwambia kwamba yeye aliipaka ile midomo. Mpaka leo kuna vitu hatuvisemi. Anaendelea kubandika karatasi kantini. Kopo la rangi nyekundu analificha nisilione, lakini midomo naiona nikipita.

Jumamosi ya kwanza baada ya mama mkwe kuondoka nilikwenda kuungama. Nilingoja kwenye foleni ya wanawake, nikapiga magoti. Kupitia kidirisha nilimwambia padri yote, ingawa mengine aliyajua. Nilimwambia Jumanne nilisimama na mtoto mgongoni na nikamfungua. Akaniambia kwa sauti ya upole kwamba sikuwa na nia mbaya, kwamba kumhurumia mzee si dhambi ya mauti, kwamba Mungu anaona moyo. Akanipa kitubio: Salamu Maria tatu.

Nikamuuliza, “Na wewe, padri, umepewa ngapi?”

Nilisikia kidirisha kikifungwa, na upande wa pili mwanamke mwingine akaanza kuungama.